Nilivyolinganisha uzito wa watoto wachanga wa nchi tatu

"Futa wote ambao hawakupimwa, piga asilimia, umemaliza." Ndivyo nilivyoshauriwa nilipotafuta asilimia ya watoto waliozaliwa na uzito pungufu Tanzania, Rwanda na Kenya, tena na watu walionizidi shahada, na mpaka leo ushauri ule unaniudhi. Mtoto asiyepimwa mara nyingi amezaliwa nyumbani, mbali na mizani, na huenda ndiye mdogo kuliko wote. Ukimfuta, nchi ambayo akina mama wengi hujifungulia nyumbani itaonekana ina watoto wanene. Utafiti wa DHS (uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu unaohoji kaya) wa Tanzania wa 2022 ulikuta 81% wamezaliwa kwenye kituo cha afya. Ule wa Rwanda wa 2019–20, 93%. Pengo hilo huwezi kulifumbia macho.

Data nilizipata bure baada ya kujisajili na kueleza mradi wangu, nikaongeza za Kenya za 2022. Gharama ilikuwa bando tu. Kwenye safu ya uzito, angalia namba za alama 9996 (hakupimwa) na 9998 (mama hajui) zisihesabiwe kama gramu, maana utapata watoto wa karibu kilo kumi.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye gramu 2500. Uzito pungufu ni chini ya hapo, lakini nilipochora grafu, minara ilisimama kwenye 2500, 3000 na 3500. Mama hukumbuka "kilo mbili na nusu", na mkunga naye husogeza hadi namba iliyo karibu. Nilijaribu kuwaondoa wote wa 2500 kamili. Ikawa ni kufuta kulekule kwa jina jingine. Ndipo nikashika njia iliyotumiwa na UNICEF: kati ya waliosimama kwenye 2500 kamili, robo wahesabiwe kuwa na uzito pungufu.

Na wasiopimwa? Hapa ndipo ninapojivunia. Kila mama huulizwa kama mtoto alikuwa mkubwa sana, mkubwa, wa kawaida, mdogo au mdogo sana. Kwa waliopimwa, nikatafuta ni wangapi katika kila kundi walikuwa na uzito pungufu, kisha nikatumia viwango hivyo kwa wasiopimwa. Nilifanya kila nchi kivyake, kwa sababu "mdogo" wa mama wa Kigoma si lazima awe "mdogo" wa mama wa Kigali. Asilimia zikapanda, na watoto wa nyumbani wakaingia kwenye hesabu.

Ukiunganisha mafaili ya nchi zote, zipe klasta (makundi ya kaya za eneo moja) namba mpya. Klasta 1 ipo kila nchi, na programu itadhani ni kijiji kimoja.