Harufu ya petroli na chumvi ya Malindi

Anayetafuta chanzo cha harufu ya petroli garini ajiulize kwanza inanuka lini, ndipo aulize inanuka wapi. Ikizidi dakika chache baada ya injini kuzimwa, mashaka huelekea mbele, kwenye kabureta au oringi (pete za mpira za kuzuia kuvuja) za nozeli zinazopulizia injini mafuta, kwa sababu joto la injini huendelea kuyapasha mafuta ambayo hayatembei tena. Ikisikika gari likiwa mwendoni na madirisha yako wazi, huenda ni moshi wa ekzosi unaovutwa ndani kupitia mpira uliochakaa wa mlango wa buti. Ikija tu tangi linapojaa na kupotea mafuta yakishuka hadi nusu, basi panapovuja ni juu: gasketi ya pampu, shingo ya kujazia (bomba la kupitishia mafuta hadi tangini), au mpira wa kupitisha hewa.

Corolla yangu ya mwaka 1993 ilikuwa na ugonjwa huo wa tatu. Kwa tangi nusu hapakuwa na neno, lakini nikijaza sheli kwa safari ya kutoka Malindi hadi Mombasa, ambayo ni kilomita zipatazo 120, hatukuwahi kufika Gede, mwanzoni tu mwa safari, kabla ya abiria wa nyuma kuanza kushusha vioo. Fundi wa kwanza, bila hata kuinama kutazama chini ya gari, aliniambia, "Bwana, hiyo ni pampu, toa pesa tulete nyingine." Sikuridhika, kwani pampu ya gari hili imo ndani ya tangi, na ikichoka humnyima dereva nguvu, haimletei harufu. Kinachoweza kunuka hapo ni gasketi ya kifuniko chake, nayo bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ya pampu.

Niliinua kiti cha nyuma, nikafungua kibati kinachofunika tundu la pampu, nikapangusa vumbi na kunyunyiza poda ya watoto kuzunguka kifuniko. Kwa joto la huku petroli hukauka upesi mno, hivi kwamba inayovuja kidogo kidogo haiachi tone la kuonekana kwa macho. Poda huushika unyevu huo na kubadilika rangi. Nikajaza tangi, nikapita barabara zenye matuta, nikarudi nyumbani kutazama. Poda ilikuwa nyeupe vile vile.

Ikabaki shingo, ambayo hupita nyuma ya gurudumu la nyuma la kushoto. Msimu wa kusi, upepo wa Malindi hupeperusha chumvi hadi kwenye nguo zilizoanikwa, na pembe kama ile, ambayo mvua haiifikii kuiosha, huikusanya mwaka hadi mwaka pamoja na mchanga wa barabarani. Nilipotoa gurudumu nilikuta tope lililoganda, la kijivu pote isipokuwa mahali pamoja, upana wa kidole, ambapo lilikuwa jeusi na lenye mng'ao. Nililinusa, likanipa jibu. Nilipolikwangua kwa bisibisi, rangi ya bomba ilibanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake palikuwa na kutu yenye vitundu vya ncha ya sindano.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kutuama, kwa hiyo kazi ya kulitoa bomba ilifanywa uani, tangi likiwa karibu tupu, waya wa hasi wa betri umetolewa, na mbali kabisa na jiko la jirani anayekaanga viazi vya karai. Kuna waliopendekeza gundi ya chuma. Mimi sikuitaka, maana bati lililokwisha toboka hivyo halina pa kushikia gundi kwa muda mrefu. Ama kuchomelea bomba likiwa bado limeungwa na tangi, huko ni kujichimbia kaburi. Nilipata shingo iliyotumika kutoka Mombasa, nikaimulika ndani kwa tochi kabla ya kulipa, kwa kuwa na Mombasa nako ni pwani, kisha nikaipaka rangi ya kuzuia kutu. Klipu niliweka mpya, na mpira wa hewa nao niliubadilisha, kwani nilipoukunja ulionyesha mipasuko myembamba.

Tangi sasa hujazwa pomoni na gari hushinda juani bila kunuka. Pembe ile huoshwa kila ninapotoka barabara ya ufuoni, kwa maji ya mfereji, si ya kisima chetu, ambayo nayo yana chumvi.