Picha Irudi kwa Mwenye Sura

Mara ya kwanza nilipojitolea kupiga picha bila malipo, nilikwenda katika kituo cha kutunzia wazee nikiwa na kamera mbili, lenzi tatu na nia njema. Nilikaa huko mchana kutwa. Wazee walivaa nguo zao nzuri, wakangoja zamu kwa subira na kukaa mbele yangu mmoja mmoja, nami nikaondoka na picha zaidi ya mia tatu. Nilizihariri kwa wiki nzima, nikachagua zile zilizonivutia na kuziweka katika ukurasa wangu wa kazi, na watu wengi wakazisifu. Miezi minne baadaye nilipita tena pale kumsalimia mlezi mmoja, na bibi mmoja aliyekuwa amekaa kivulini akanitambua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ile picha uliyonipiga umekuja nayo?"

Sikuwa nayo. Sikuwa na hata moja, si ya kwake wala ya mwenzake yeyote. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba yule mzee wa chumba cha pili, aliyevaa kofia siku ile, alikuwa amekwisha kufariki, na kwamba watoto wake walipokuja kumzika waliulizana ni nani kati yao mwenye picha ya baba. Picha ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya diski yangu, imehaririwa vizuri sana, na mamia ya watu wasiomjua walikwisha kuiona kabla ya watoto wake. Wiki ile ile nilizisafisha zote na kuzipeleka, na ya mzee yule nikaikabidhi kwa binti yake wa kwanza, lakini kuchelewa kule hakuna picha iliyoweza kukufuta.

Ndiyo maana kila ninapowaandikia wapiga picha wenzangu wanaotaka kutoa sehemu ya ujuzi wao kwa jamii, nasisitiza jambo moja: kazi haijaisha mpaka picha imefika mkononi mwa mwenye sura. Jeremy Cowart, mpiga picha wa Nashville nchini Marekani, aliifanya hatua hiyo kuwa msingi wa Help-Portrait, harakati aliyoianzisha na ambayo siku yake ya kwanza ya kazi ilifanyika Desemba 2009. Utaratibu wake ni mfupi: mtafute mwenye uhitaji, mpige picha, isafishe, mkabidhi. Wapiga picha, watengeneza nywele na wapambaji hukutana mahali pamoja kwa siku moja, na mtu ambaye pengine hajawahi kukaa mbele ya taa za studio hutunzwa, hupigwa picha na hupewa picha yake ikiwa kwenye karatasi. Hizo hatua mbili za mwisho ndizo ambazo wengi wetu huziruka, kwa sababu hazina sifa, zinagharimu wino na karatasi, na hufanyika wakati shauku ya siku yenyewe imekwisha kupoa.

Historia ya kazi yetu inao mfano mchungu wa kuziruka. Mwaka 1936, katika kambi ya wachumaji wa njegere huko Nipomo, California, Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja akiwa na watoto wake, na picha hiyo ikawa mojawapo ya picha mnato zinazojulikana zaidi duniani. Lange hakumwuliza jina. Mama huyo, Florence Owens Thompson, alitambuliwa hadharani mwaka 1978, zaidi ya miaka 40 baadaye, na akaeleza kwamba aliahidiwa kupelekewa nakala na hakuipata, wala hakuwahi kupata hata senti moja kutokana na sura yake. Lange alikuwa mwajiriwa wa serikali, si mtu wa kujitolea, na kazi yake iliwafaa wengi, kwani msaada wa chakula ulipelekwa kambini hapo baada ya picha kutoka. Hata hivyo siwezi kuitazama picha ile bila kufikiria nakala moja iliyoahidiwa.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tumezoea kusema "kusafisha picha", tukiwa na maana ya kuitoa kwenye filamu, na siku hizi kwenye kadi au simu, hadi iwe karatasi. Nilipojifunza kazi hii maana ya usemi huo ilionekana kwa macho, maana picha ilipita kwenye beseni za dawa na kumaliziwa kwa maji mengi. Wapo watu wa kujitolea waliosafisha picha kwa maana ya neno lenyewe. Baada ya tetemeko na tsunami iliyoipiga Japani tarehe 11 Machi 2011, watu waliokuwa wakiondoa vifusi waliziweka kando albamu walizozikuta kwenye tope, na albamu hizo zikarundikana katika kumbi za michezo za shule na majengo mengine ya umma. Katika mji mdogo wa Yamamoto, mkoani Miyagi, watu wa kujitolea, wakiwemo wanafunzi na wapiga picha, walizichambua, wakaziosha kwa maji na brashi laini, wakazianika kwenye kamba, kisha wakazipiga picha upya moja moja ili ziingie kwenye kompyuta na wenyewe waweze kuzitafuta. Picha zilizopita katika mikono yao zilifikia takriban 750,000.

Kila ninapoisoma hesabu hiyo nafikiria mikono hiyo. Picha ya karatasi hubebwa na utando wa jelatini, na jelatini ni chakula cha bakteria. Ikikaa katika maji machafu, rangi huanza kuliwa kutoka kingoni kuelekea katikati, na mara nyingi uso ulio katikati ndio wa mwisho kupotea. Anayesugua kwa nguvu anaweza kuufuta uso huo kwa kidole chake mwenyewe. Kwa hiyo picha zilizolowa hazibanduliwi kwa nguvu wala haziachwi zikauke zikiwa zimegandamana: huoshwa taratibu katika maji baridi na safi, kisha hulazwa uso ukiangalia juu au huning'inizwa mahali penye hewa. Iwapo haiwezekani kuzishughulikia katika saa 48 za kwanza, ni afadhali zigandishwe kwenye friza kuliko kuachwa ziote ukungu. Mpiga picha anayeishi mahali penye mafuriko akiyajua haya matatu anaweza kuwafaa majirani zake kwa namna ambayo kamera yake haiwezi.

Baada ya Kimbunga Katrina cha mwaka 2005, wapiga picha wa habari nchini Marekani walianzisha Operation Photo Rescue, na wao walikuwa na njia yao: kwa kuwa wengi hawako tayari kuiachia picha pekee ya mzazi ikaenda mbali, watu wa kujitolea huzipiga picha nakala zilizoharibika papo hapo na kumrudishia mwenyewe, halafu wahariri waliotawanyika duniani hukaa na faili usiku kucha wakiziba mipasuko na madoa, na mwisho nakala mpya hutumwa kwa familia bila malipo. Nampendekezea kazi ya namna hii kila mpiga picha mwenye haya, yule anayependa kuhudumia lakini hapendi kusimama mbele ya watu.

Ipo pia kazi ambayo mimi mwenyewe sijaiweza. Tangu mwaka 2005, shirika la Now I Lay Me Down to Sleep, lililoanzia Colorado, huwaita wapiga picha wa kujitolea hospitalini pale mtoto mchanga anapozaliwa akiwa amefariki au akiwa hatarajiwi kuishi, ili wazazi wabaki na picha yake wakiwa wamempakata. Picha nyingi hutolewa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na sababu yake ni ya huruma: ngozi ya mtoto mara nyingi imebadilika rangi, na kuondoa rangi humrudishia mtoto sura ambayo wazazi wanataka kuikumbuka. Mwanga hutoka dirishani, sauti hushushwa, na mpiga picha hutumia dakika chache tu kisha huondoka. Niliwahi kuombwa na rafiki nifanye hivyo, nikashindwa kuuvuka mlango wa wodi, na nikampigia simu mwenzangu mwenye moyo imara zaidi. Tangu siku hiyo naamini kuwa kabla ya kujitolea mtu auchunguze moyo wake sawasawa na anavyochunguza betri zake.

Mambo ya ufundi yanakuja baada ya hayo, ingawa nayo yana heshima yake, kwa sababu asiyelipa anastahili picha nzuri kama anayelipa. Kosa ninaloliona mara nyingi ni la mwanga kwenye ngozi nyeusi. Kipimamwanga cha kamera hudhani kwamba kila kinachokiona kina wastani wa kijivu, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera huusikiliza ukuta, hupunguza mwanga, na uso huingia gizani. Wengine hujaribu kurekebisha baadaye kwenye kompyuta na kuishia kuufanya uso uwe wa majivu. Dawa yake ni kumsogeza mtu mbali na ukuta, kupima mwanga usoni pake, na kumweka karibu na dirisha au mahali ambapo mwanga laini unamfikia kwa ubavu, ili mng'ao wa ngozi ndio uchore umbo la uso.

Kuhusu kusafisha, usizuiwe na ubora wa kamera. Picha ya sentimita 10 kwa 15 yenye nukta 300 kwa kila inchi inahitaji pikseli 1200 kwa 1800 hivi, kiasi ambacho simu za leo zinakipita kwa mbali, na mashine ndogo zinazochapisha kwa joto hutoa nakala kavu kabla mtu hajaondoka mahali pale. Usiidharau wala picha ya pasipoti. Benki ya Dunia inakadiria kuwa watu takriban milioni 800 hawana kitambulisho rasmi, na ingawa vikwazo vyao ni vingi, pale ambapo picha ni mojawapo, vipande vinne vidogo vya karatasi, vyenye nyuma nyeupe na sura iliyonyooka, vinaweza kumfaa mtu kuliko picha kumi za kisanii.

Juu ya yote hayo ipo ridhaa. Kiswahili kina kupiga hodi na kina kupiga picha, na mtu wa kujitolea asifanye la pili kabla ya la kwanza. Ridhaa ninayoisema haimo katika fomu pekee. Aliyepokea huduma bure huona haya kukataa, kwa hiyo naeleza mapema, kabla sijaishika kamera, kwamba picha ni yake hata akikataa nisiitumie popote, na ninayauliza maswali mawili kwa wakati tofauti: unataka kupigwa picha? Je, unaniruhusu kuionyesha kwa wengine? Wengi hujibu ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili, na majibu hayo mawili hayapingani. Kwa watoto, mzazi au mlezi akubali, na mtoto mwenyewe akubali. Faili za picha nyingi za simu hubeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa, nami huizima kabla ya kuanza, hasa katika nyumba wanakojificha waliokimbia vipigo.

Na kwa taasisi zenye bajeti zinazomwomba mpiga picha kijana kazi ya bure kwa ahadi kwamba atapata jina: huko siko kujitolea, na kijana anaweza kukataa bila kuona kwamba amekuwa mchoyo.

Katika nyumba moja ya hifadhi, mama mmoja alikubali kupigwa picha pamoja na wanawe wawili kwa sharti kwamba mimi nisibaki na chochote. Nilimsafishia nakala nne. Alizihesabu, akazitia kwenye bahasha, akaikunja bahasha na kuiweka ndani ya mfuko wake. Kisha nikampa kamera na kumwonyesha kitufe cha kufutia. Alizifuta yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine, akiitazama kila moja kwanza, na wanawe wakiwa wameegemea mabega yake, nami nilingoja mpaka kioo cha kamera kilipoandika kwamba hakuna picha.