Zinafanana, lakini hazilingani

Jumamosi tulikuwa tunapaua nyumba ya mama huku Ujiji. Mpwa wangu wa kidato cha pili akaja na daftari la hisabati kwapani, uso umemshuka. Jumatatu ana jaribio la maumbo yanayolingana, na sekondari hayo yote anasomeshwa kwa Kiingereza. Shule ya msingi alizijua pembe, nyuzi, pande na mistari sambamba kama majina ya ndugu zake. Sasa yamebatizwa upya, anayaona wageni.

"Mjomba, hivi kufanana na kulingana si kitu kimoja?"

Nikampeleka uani kwa fundi.

Mzee yule kenchi ya kwanza, ile pembetatu ya mbao ya kubeba paa, huipima kwa futikamba mpaka unachoka kumtazama. Zinazofuata hazipimi. Anailaza ile ya kwanza chini, anapanga mbao za ya pili juu yake, kona kwa kona, anachora kwa penseli, anakata, anagonga misumari. Ikikaa juu ya mwenzake bila ubao kuchungulia pembeni, hizo zinalingana. Nikamwambia mpwa wangu kwamba Euclid, aliyeandika jiometri kule Alexandria, Misri, takribani mwaka 300 KK, naye alilaza pembetatu juu ya pembetatu. Wengine baadaye wakamlaumu, eti kuhamisha umbo si hoja. Fundi aliposikia akacheka tu, akaendelea na msumeno.

Kufanana ni habari nyingine. Kenchi ya choo na kenchi ya nyumba zinaweza kuwa na pembe zilezile, lakini ukilaza moja juu ya nyingine utadhani mtoto kavaa kanzu ya baba yake. Ili zilingane, pembe tatu kuwa sawa hazitoshi. Pande tatu zinatosha. Pande mbili na pembe iliyo kati yake, zinatosha pia.

"Kwa nini lazima iwe kati?"

Hapo nikamwona kaamka. Nikachora mstari mrefu mchangani, nikalaza ubao wa sentimita 100, ncha moja kwenye mstari, ukipanda kwa pembe ya nyuzi 30. Kwenye ncha ya pili nikampa kipande cha sentimita 60, akizungushe kama bawa la mlango. Kikagusa mstari karibu sentimita 120 kutoka kwenye kona. Akaendelea kuzungusha, ncha ikavuka mstari, ikarudi kuugusa tena karibu sentimita 53. Vipimo ni vilevile vitatu, pembetatu mbili tofauti kabisa. Alirudia mara nne, sijui alitarajia mchanga ubadili mawazo.

Tulipomaliza ugali wa muhogo na dagaa nikamtaka athibitishe kwamba pembe mbili za chini za kenchi ziko sawa. Sharti langu: kila sentensi iwe na "kwa sababu" yake. Akaanza. Mbao mbili za mteremko ziko sawa, kwa sababu babu fundi amezikata kwa kipimo kimoja. Nusu mbili za ubao wa chini ziko sawa, kwa sababu nguzo imepigwa katikati. Halafu akakwama, akaitazama nguzo weee.

"Nguzo ni ya huku na ya huku!"

Ndiyo, upande wa pamoja, ambao wanafunzi wengi huusahau kwa kuwa uko wazi mno. Pande tatu kwa pande tatu. Kwa hiyo pembetatu ya kushoto inalingana na ya kulia, kwa hiyo pembe zake ziko sawa.

"Kwani huoni kwa macho?" fundi akauliza.

"Shuleni ukiandika 'inaonekana' unakatwa alama, babu."

Jioni kenchi ya sita ilikuwa tayari inapandishwa ukutani. Mpwa wangu akaomba ilazwe kwanza juu ya ile ya kwanza. Vijana wakanung'unika, wakaishusha. Ubao mmoja ukachungulia vidole viwili.

"Si zinafanana?" kijana mmoja akajitetea.

"Zinafanana," akasema, "lakini hazilingani."

Fundi akamtazama kijana wake, hakusema kitu, akageuza nyundo upande wa kung'olea misumari.