Baba ana kitambi, dada kabeba mtoto

Leo ni Alhamisi ya kumi na moja tangu nianze kwenda pale shuleni, nimeona niandike sa hivi maana UE, yani mitihani ya mwisho wa semesta, zikianza sitapata muda tena. Mi nasoma takwimu mwaka wa pili hapa UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sisomei ualimu, na kila nikimwambia mtu naenda kujitolea shule ya msingi swali la kwanza ni unalipwa shingapi, la pili ni kama hiyo ndo field yako, yani mafunzo kwa vitendo ya chuo. Silipwi na siyo field. Alhamisi sina kipindi mpaka saa nane mchana, basi asubuhi natoka zangu Mabibo hostel kwa miguu, ni shule ya serikali huku huku Ubungo, jina nitaliacha.

Kuingia kulichukua muda. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akanikalisha, halafu akaniambia mwanangu hawa ni watoto wa watu, kaniletee barua ya chuo na upite kwa afisa elimu kata. Wiki mbili zikaisha kwenye barua. Wakati ule niliumia kidogo lakini sa hivi namuelewa kabisa, hata mimi nisingeruhusu mtu ametoka tu barabarani akakae na wanangu.

Darasa la pili wako 112 na mwalimu mmoja, mama mtu mzima. Dawati la watatu wanakaa watano, waliobaki wanakaa chini mbele karibu na ubao. Watu wanasema elimu bila ada ya 2016 ndo imejaza madarasa, sawa, ila wale watoto hata kabla ya hapo walikuwepo, tofauti ni kwamba walikuwa nyumbani. Kiwango kinachotakiwa ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Kipindi ni dakika 30. Siku ya kwanza nimesimama pale nyuma nikapiga hesabu kichwani, ukisema kila mtoto asome peke yake mwalimu amsikilize, kila mmoja anapata sekunde 16, na hapo mwalimu hajafundisha chochote wala hajafuta ubao.

Kwahiyo wanasoma kwa pamoja. Mwalimu anagusa ubao kwa fimbo na darasa zima linaitikia ba, be, bi, bo, bu, sauti inafika mpaka barabarani, ukipita nje utasema hawa watoto wameiva. Na wengi wanajua kweli. Lakini asiyejua anajificha humo humo kwenye ile sauti, anafungua mdomo nyuma kidogo ya wenzie, na mwalimu mwenye watoto 112 hawezi kumuona, siyo kwamba hajali, hawezi tu.

Mwalimu akanipa kazi moja. Kila kipindi nachukua watoto sita tunakaa chini ya mwembe, mmoja mmoja ananisomea. Basi. Sifundishi, nasikiliza.

Alhamisi ya tatu akaja dogo mmoja mpole sana, nikampa kadi imeandikwa "Baba analima", akasoma bila kusita, dada analima. Nikajua kateleza. Nikampa ya pili, "Dada anapika uji", akasoma baba anapika uji. Sasa ona hiyo kitu, sentensi zote mbili ni Kiswahili safi, ukiwa husomi naye kadi husikii kosa lolote! Nikamwandikia "bata", akasoma data, akanyamaza, akaniangalia kama anasubiri nimwambie hilo neno maana yake nini. Kumbe herufi zote anazijua, ila b na d kwake ni mtu mmoja.

Nikampelekea mwalimu ile habari mbio mbio. Hakushangaa hata kidogo. Akachukua chaki akachora b, akasema tunasoma tunakwenda huku, akanyoosha mkono kulia, sasa huyu ni baba, ana kitambi, tumbo limetangulia mbele. Akachora d. Huyu ni dada, anakwenda huko huko, ila yeye kabeba mtoto mgongoni. Yani nimesoma miaka yote hii sijawahi kusikia hiyo! Dogo akasimama, akatoa tumbo mbele, akasema baba. Akainama akashika mgongo wake kwa nyuma, dada. Ilichukua Alhamisi tatu mpaka akaacha kusimama na kusoma akiwa amekaa.

Muhula huu kuna kundi walikuja na daftari na sabuni, wakapiga picha, saa nne wakaondoka. Daftari zile watoto wanaziandikia mpaka leo, zimesaidia, sina neno baya. Ila mi naona kinachokosekana zaidi pale ni sikio. Kadi nakata kwenye maboksi naomba dukani, vizibo vya soda vya kuhesabia tumeokota, hela iliyonitoka mpaka sasa ni ya maka peni mbili. Kama una asubuhi moja huna kipindi na unaweza kuirudia kila wiki, njoo, nitakuonyesha barua zinavyoandikwa.

Lakini sema ukweli mapema kama hutaweza kuendelea. Alhamisi moja nilikuwa na test sikwenda na sikumuaga mtu, wiki iliyofuata dogo akaniuliza, madam ulikuwa unaumwa? Iliniingia sana. Sa hivi nikijua sitakuja nawaambia wiki moja kabla, na UE nimeshawaambia, nimewaandikia tarehe ya kurudi kwenye ubao pembeni na mwalimu hajaifuta.

Bado tuna kazi. Baba na dada amewaweza, ila mb na nd zinamchanganya upya, mbuzi anamuita nduzi. Kadi zake nimekata jana usiku, mbuzi, ndizi, mbegu, ndege, tutaanza na mbili kwanza.