Arepa za Katy na Mbuzi ya Nazi

Kutoka katikati ya Houston hadi mji wa Katy ni mwendo wa kilomita kama 45 kuelekea magharibi, na barabara yenyewe, I-10, ni pana mno. Zamani upande huu wote ulikuwa mashamba ya mpunga. Siku hizi ni nyumba, maduka na maegesho ya magari. Mdogo wangu anaishi Texas mwaka wa kumi na moja sasa, na tangu nilipofika alikuwa akiniahidi kunipeleka mahali.

"Dada, leo hatuli baga. Leo tunakwenda Katyzuela."

Ndivyo watu wanavyouita huo mji kwa utani, kwa jinsi Wavenezuela walivyojaa. Kilichowaleta wa kwanza ni mafuta. Baada ya mgomo mkubwa wa 2002 na 2003 katika PDVSA, shirika la mafuta la serikali ya Venezuela, serikali ya Rais Hugo Chávez ilifukuza kazi watu zaidi ya 18,000, wahandisi na mafundi wakiwamo, na kampuni nyingi za mafuta za Marekani ziko Houston. Wengine wakafuata baadaye, maisha yalipozidi kuwa magumu. Walioihama Venezuela wamekwisha kupita milioni 7.

Mgahawa umebanwa kati ya saluni na duka la dobi. Meza tisa, televisheni inaonyesha besiboli, na ukutani picha kubwa ya daraja la Rafael Urdaneta, lile la 1962 linalovuka maji ya Maracaibo, huko Venezuela, kwa zaidi ya kilomita 8. Mwenye mgahawa ni mama mtu mzima wa huko huko Maracaibo. Alituita "mi amor", yaani mpenzi wangu, kabla hatujavuta viti, na kila aliyeingia nyuma yetu alipokewa hivyo hivyo, hata fundi bomba mwenye viatu vya matope.

Tulianza na tequeños, vijiti vya jibini vilivyozungushiwa unga na kukaangwa. Vitamu, ila si hivyo vilivyonileta kuandika. Kilichonishika kwanza ni kinywaji, papelón na ndimu. Papelón ni sukari guru. Ile ile, ya miwa, ya rangi ya kahawia, imeyeyushwa kwenye maji ya baridi na kukamuliwa ndimu. Nilipiga funda moja nikaweka glasi chini, maana nilimwona bibi yetu Tanga akivunja bonge la sukari guru kwa mchi.

Kisha nikaomba ruhusa ya kusimama karibu na jiko, nione arepa, mikate bapa ya unga wa mahindi, zinavyotengenezwa. Sisi tuliozaliwa na ugali tunajua unga wa mahindi hauliwi bila maji ya moto na mkono wenye nguvu. Yule mama alimimina maji ya kawaida kwenye bakuli, akatia chumvi, kisha unga mweupe kidogo kidogo, akakanda kwa vidole. Hakuna sufuria wala mwiko. Siri ni kwamba mahindi hayo yamekwisha kupikwa kiwandani kabla ya kusagwa. Unga huo wa pakiti ya njano, P.A.N., uko sokoni tangu 1960. Kabla ya hapo, aliniambia, bibi yake alitwanga mahindi kwenye kinu kila siku ya Mungu, akayachemsha, ndipo akayasaga. Alifinyanga donge, akalipigapiga kati ya viganja likawa bapa, akaliweka kwenye kikaango kizito cha chuma. Lilipopata madoa ya kahawia alililaza kiganjani akaligonga kwa kidole, kama tunavyogonga tikitimaji. Likilia kama ngoma, limeiva.

Yangu ilijazwa kuku aliyechambuliwa na kupondwa na parachichi. Inaitwa reina pepiada, kwa heshima ya Susana Duijm, binti wa Venezuela aliyetwaa taji la Miss World mwaka 1955. Ganda la nje linavunjika kwa meno, ndani laini na moto, na parachichi linatulia juu ya ulimi. Sijawahi kula mahindi yaliyonifurahisha hivyo.

Mdogo wangu aliagiza pabellón: wali mweupe, maharage meusi, nyama ya ng'ombe iliyochambuliwa nyuzinyuzi, na ndizi mbivu za kukaanga. Sahani ile ungeiweka mbele ya mtu yeyote Muheza asingeuliza imetoka nchi gani. Maharage yalikuwa mazuri, ila mimi ni mtu wa Pwani, nikasema wazi: yangepata tui.

Mdogo wangu akatafsiri. Yule mama akaacha kupangusa meza, akavuta kiti akaketi nasi. Kwao Maracaibo, alisema, tui si jambo geni: kuna samaki wa nazi, na kuna *chivo en coco*, yaani mbuzi wa nazi. Mume wake alikuwa akimwomba chakula hicho kila mwaka siku yake ya kuzaliwa. Tangu alipofariki hajakipika, kwa sababu nazi ya kopo haimridhishi, na kukuna nazi kwa kikwaruzo kidogo cha jikoni kunamchuna vidole.

"Mwambie ninayo mbuzi," nikamwambia mdogo wangu.

Alicheka, kwa kuwa ni yeye aliyenituma nimletee kutoka Tanga, nami nilikuwa nimeisafirisha imeviringishwa kwenye kanga mbili. Ilichukua muda kumwelewesha yule mama kwamba kwetu mnyama na kifaa vina jina moja.

Jumatatu mgahawa hufungwa. Tuliingia kwa mlango wa nyuma na nazi sita. Nyama ilikuwa tayari sufuriani, na kitunguu na pilipili hoho vinanukia. Nikaikunjua mbuzi sakafuni, nikaweka sinia chini ya meno yake. Yule mama akakusanya gauni, akakaa, akashika kizio cha nazi kwa mikono miwili kama nilivyomwonyesha, na nazi ya kwanza iliyokunwa ikaanguka nyeupe kwenye sinia.