Siku moja ya fundi wa baskeli za umeme, Chake Chake

Mtaani wananiita fundi redio, ingawa redio ya mwisho kuletewa hata sikumbuki ilikuwa lini. Kazi yangu siku hizi ni kutia mota kwenye baskeli, na kontrola ya kuiendesha hiyo mota naitengeneza mwenyewe, kuanzia bodi mpaka programu. Barazani wanasema "yule anafunga betri kwenye baskeli". Haya bwana. Naandika siku moja tu, ya leo, watu waone hiyo betri inafungwaje.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nshasali, natoka uani kuchomeka betri ya baskeli ya mwalimu mmoja wa skuli. Ina seli 52, zimepangwa nne nne kwenye makundi 13, ikijaa inasoma volti 54.6. Betri za lithiamu sizichaji usiku nimelala, hata mtu anipe nini. Nasubiri nimeamka, naiweka juu ya saruji, ndoo ya mchanga pembeni, na mke wangu nshamwambia asianike nguo karibu. Yeye anasema mie naipenda hiyo betri kuliko watoto. Si kweli, ila watoto hawawaki moto ukiwakosea.

Saa moja na nusu nafungua banda. Mpaka saa tatu nilikuwa na simu mbili za tundu la chaja, feni moja imeungua na pasi ya jirani. Hizo ndizo zinazolipa kodi, kwa hiyo sizidharau, lakini hazina habari ya kusimulia. Katikati nikawa napima seli nilizozitoa kwenye betri za leptopu mbovu. Nazijaza, naziacha wiki, zilizoshuka volti zenyewe bila kutumika nazitupa, zilobaki nazipima moja moja zinashika kiasi gani. Kwenye kumi napata sita, siku mbaya nne. Mtu akikuuzia betri rahisi muulize hizo nyengine kazitia wapi.

Saa tatu na kitu nasikia sauti kabla sijamuona mtu. "Fundi! Njoo uchukue mzoga wako!"

Alikuwa Ami mmoja mchuuzi wa samaki, anachukua bandarini Wesha anapandisha mjini. Nilimfungia baskeli yake wiki mbili nyuma, laki saba na nusu, kalipa nusu na nusu nyengine tulikubaliana baada ya karafuu. Anakuja anaisukuma, jasho linamtoka mpaka kofia imeroa, tenga la samaki nyuma bado limejaa na barafu inachuruzika. Nikamwambia karibu Ami, kaa upumue kwanza. Hataki kukaa. "Baskeli ya watu ikiharibika unaisukuma ukafika. Hii yako ikiharibika inakukamata! Nimeiburura toka kule chini kama ng'ombe anaekataa kwenda!"

Hapo alikuwa na haki na mie nilishaelewa nusu ya tatizo kabla sijagusa spana. Mota niliyomtilia haina gia ndani, ni sumaku na waya tu, na mota ya namna hiyo waya zake mbili zikigusana inageuka breki. Ukizungusha gurudumu linakwenda kwa kuruka-ruka, zito, kama lina mchanga ndani. Maana yake kontrola imepiga shoti. Angejua angechomoa ile plagi ya waya tatu nene na baskeli ingekuwa nyepesi papo hapo, lakini angejuaje na mie sikumwambia? Siku ile namkabidhi nilimuonesha taa.

Sasa samaki hawasubiri mota. Akina mama wanapita wanaona tenga, "Ami changu bei gani?", na yeye huku ananigombeza huku anauza. Anashika mizani kwa mkono mmoja, mkono wa pili ananinyooshea kidole. Mteja mmoja kaniuliza mie kama pweza ni wa leo. Mpaka saa nne unusu banda langu likawa soko, nzi wamejaa kwenye bodi zangu, sakafu imeroa maji ya barafu na damu ya samaki, na kila anaekuja kununua anahadithiwa upya kuwa fundi huyu kamuuzia Ami mzoga. Waliokuja na simu zao mbovu wakasikia wakaondoka nazo. Wawili niliwaona kwa macho yangu.

Nkamuuliza, Ami, ilipozima ulikuwa unafanya nini?

"Sikuwa nafanya kitu. Nilikuwa nimesimama."

Umesimama vipi?

"Nimesimama, kwani kusimama kuna namna ngapi?"

Nikaona hanifichi, ila hapo nilikwama kweli. Kontrola inaungua vipi mtu kasimama? Nikaanza na ninachokijua. Maji ya samaki yana chumvi, na chumvi na waya wa shaba hawakai pamoja. Nikafungua plagi ndogo ya sensa, zile tatu zinazoiambia kontrola sumaku zimefika wapi, nikaikuta imeota kutu ya kijani. Nikafurahi, nikamwonesha mbele ya watu, nikasema umeona Ami, ni maji yako haya. Nikasafisha kwa brashi ya meno, nikapima, sensa zote tatu zinapokezana vizuri. Tatizo halikuwa hapo, na kimya changu kila mtu alikisikia.

Nikafungua kontrola. Ndani kuna mosfeti sita, ndo swichi za kuwasha na kuzima umeme wa mota, mbili kwa kila waya wake, moja ya juu moja ya chini. Nikaweka mita kwenye mlio, ikilia ujue hiyo imepiga shoti. Ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu piiiip. Nikaigeuza, imepasuka tumbo na chini yake bodi imegeuka nyeusi. Ya juu upande wa pili nayo piiip. Nne nyengine nzima. Mbili tu, na hizo mbili ni jozi inayofanya kazi pamoja. Hapo nikanyamaza kwa sababu nyengine.

Adhuhuri ikaadhiniwa, tukaenda kusali, mie na yeye safu moja. Tukarudi, mke wangu kaleta muhogo wa nazi, Ami akatoa samaki wawili wakachomwe, tukala. Na ni hapo kwenye kula, hana hasira tena, ndo akasema ile ya maana. "Ujue baskeli yako inanisaidia. Pale kwenye kilima wateja wananisimamisha katikati ya mlima. Zamani nilikuwa nashuka naegemeza. Sasa sishuki, navuta resi kidogo inasimama yenyewe hairudi nyuma, mkono mmoja resi mkono mmoja mizani."

Tonge likanikwama. Mtu kaigeuza mota kuwa breki ya mkono! Dakika mbili tatu kila mteja, na wateja wa pweza wanavyojua kupunguza bei.

Nikamwambia Ami, ndo umeiua hivo. Nikamweleza kwa jeneza, maana jengine halikuingia. Tukibeba jeneza tunapokezana, bega lako halikai chini yake hata hatua kumi, kwa hiyo hachoki mtu. Mosfeti nazo ni hivohivo, gurudumu likizunguka zinapokezana. Sasa jeneza likisimama njiani na wasipokewe wale waliokuwepo chini, si watazimia? Gurudumu likisimama na resi imevutwa, mosfeti zile zile mbili zinabeba peke yao mpaka zife. Akaelewa, akasema basi kosa langu, akaenda zake kumalizia samaki kwa miguu. Watu waliokuwepo wakaniona bingwa.

Ila nilipobaki peke yangu nikachukua kalamu, na hesabu haikunipendeza. Mie nilikuwa napima umeme unaotoka kwenye betri tu. Niliweka kikomo ampea 20, nikalala usingizi. Lakini gurudumu likiwa limesimama kontrola inafungua umeme kwa sehemu ya muda tu, inawasha na kuzima upesi upesi, kama thuluthi hivi, na kila inapofunga umeme unaendelea kuzunguka ndani ya mota. Mota yenyewe ukinzani wake omu 0.3. Ukipiga hesabu, resi ikivutwa yote ampea 20 za betri zinazaa 56 ndani ya mota. Ami hakuivuta yote, tuseme 40, na joto linapanda kwa mraba wake, juu ya kipande cha aluminiamu nilichokikata kwa msumeno kikubwa kama kiberiti. Kikomo changu kilikuwa kinalinda betri. Mosfeti hazikuwa na mlinzi. Yeye kaitumia kama mtu yeyote mwenye akili angeitumia, na mie nimemkubalisha kosa mbele ya watu huku nakula samaki wake.

Saa nane, nadhani. Nang'oa mosfeti zote sita, si mbili, maana zilizobaki zimeshaonja moto ule ule. Nnatumia IRFB4110, zinavumilia volti 100, na lazima uzipime kabla kwa sababu zimejaa za bandia, zimefutwa zikaandikwa upya. Kwenye kumi nilizoletewa na boti kutoka Unguja mwezi uliopita mbili zilikuwa uongo mtupu. Nimechomelea nne, umeme ukakatika. Pemba tokea 2010 umeme wetu unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari, ukikatika huna la kufanya ila kukaa na pasi ya kuchomelea mkononi inapoa. Betri ya mwalimu nayo uani imekatikia njiani. Nikakata aluminiamu mpya, mara tatu ya ile ya mwanzo, kwa mkono, kiganja kikatoka lengelenge.

Baada ya hapo saa sikuziangalia. Umeme umerudi, alasiri nimeisali nyuma ya wakati wake, mtoto wa dada yangu katoka skuli kaja kunisaidia. Kontrola mpya siiwashi moja kwa moja kwenye betri, natia katikati balbu mbili za lori za volti 24 zimefuatana. Kukiwa na shoti balbu zinawaka na kubaki zinawaka, mosfeti zimesalimika. Zikiwaka kidogo zikafifia, kapasita, zile zinazoweka akiba ya umeme ndani ya kontrola, zimejaa, uko salama. Zikawaka. Zikafifia. Kijana akapiga makofi, mie nikakaa chini kwenye sakafu yenye harufu ya pweza maana magoti yaligoma.

Programu nikaibadilisha mahali pawili. Pa kwanza, umeme wa betri ugawanywe kwa ile sehemu ya muda iliyofunguliwa, upatikane umeme halisi wa mota, na huo usizidi 35. Pa pili, resi ikivutwa na sensa zisibadilike sekunde mbili, kata. Mistari kumi na moja yote kwa pamoja. Ukiniuliza siku nzima nimefanya nini, mistari kumi na moja.

Tukaenda kwenye kile kilima na jua linazama, viroba viwili vya mchanga kwenye tenga, kijana juu. Akapanda nusu, akasimama, akavuta resi kama Ami. Moja, mbili, kontrola ikakata kama nilivyoiamrisha, na baskeli, mchanga na mtoto wa watu vikaanza kurudi nyuma kuja kwangu. Nikaidaka kwa kifua. Gari ya abiria ilikuwa inashuka, utingo akanipigia mluzi. Mtoto anacheka! Mie roho iko nje, nnamfikiria Ami na kilo sabini za samaki, mizani mkononi, baskeli imemwacha ghafla.

Basi nikakaa ukingoni mwa barabara na leptopu mapajani, watoto wa skuli ya chuo wamenizunguka na misahafu yao wanauliza kama naangalia mpira, nikaandika upya. Isikate. Sekunde ya pili ianze kulia, kengele ndogo niliyoitoa kwenye king'ora cha pikipiki, halafu iachie pole pole kwa sekunde nne, mtu apate muda wa kuweka mguu chini. Mara ya tatu ikakubali. Mara ya nne na ya tano pia. Nikagusa bati la aluminiamu kwa mkono, la moto lakini mkono unakaa. Magharibi ilishaadhiniwa.

Usiku nimekoga, nimemrudisha kijana kwao, betri ya mwalimu nimeichomoa na volti 52 tu, itasubiri alfajiri nyengine. Nikampigia Ami. Nikamwambia baskeli iko tayari, na lile kosa nililokutwika mchana nusu yake ni langu, na pesa ya mosfeti na kazi sitaki hata shilingi. Akanyamaza. Nikamweleza kuhusu kengele, kwamba ukisimama kwenye mlima na resi itakulilia, ukiisikia shika breki.

"Itakuwa inalia nikiwa na mteja?"

Ndio Ami.

"Kila mteja?"

Ukishika breki hailii.

Akafikiri. "Basi isilie kama king'ora, watadhani napita na maiti. Nitafutie sauti nzuri, wasikie kule juu kwamba samaki wamefika."

Hivi naandika saa nne unusu usiku, leptopu iko wazi, nshajaribu sauti sita. Mke wangu kaniambia ya saba nikajaribie bandani.