Nilivyorudisha kuni kwenye meko ya gesi, Njombe

Juni ya Njombe haina mzaha. Nyumba niliyonunua ni ya zamani, ina meko ya ukutani sebuleni, ila mwenyewe aliyenitangulia alikuwa ameweka hita ya gesi humo. Mtungi wa kilo 15 ulikuwa haunifikishi wiki mbili, na huku nyuma ya uzio miti ya miwati imejaa mpaka unachoka kuitazama.

Nilidhani kazi ni kung'oa hita na kupanga kuni. Fundi, mzee mmoja wa Kibena, akaingiza kichwa mekoni, akavuta bomba lililopanda ndani ya dohani. Aluminiamu, jepesi, linakunjika kwa vidole. "Hili ni la gesi, mwanangu. Moto wa kuni utaliyeyusha." Tukalitoa lote. Mpira wa gesi nao hakutaka koki ifungwe tu. Aliung'oa kabisa na kuziba tundu la ukutani kwa saruji. Gesi ikivuja ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, palepale penye moto.

Siku ya kwanza kuwasha, moshi wote ulirudi sebuleni. Mama watoto akambeba mdogo akatoka nje bila kusema neno, na ule ukimya ndio ulioniuma. Dohani haikuwa imeziba. Fundi akapima: mdomo wa meko sentimita 90 kwa 70, njia ya moshi 22 kwa 22. Kwa eneo, mdomo haufai kuzidi njia ya moshi mara 10 hivi. Wetu ulizidi mara 13. Akachukua kipande cha bati, akakishikilia juu ya mdomo, akawa anakishusha taratibu huku sote tunakohoa. Kilipofika kama sentimita 16 kutoka juu, moshi ukageuka, ukapanda juu kama umeitwa. Akachora mstari kwa mkaa. Kesho yake bamba la chuma likafungwa hapo.

Kuni nazo zina shule yake. Nilianza na mabanzi ya misindano kwa sababu ni rahisi, tena mabichi. Yakaacha masizi ya kunata ambayo yakijaa kwenye dohani hushika moto. Sasa natumia miwati iliyopasuliwa na kukaa bandani tangu mwaka jana. Gonganisha vipande viwili: kikavu kinalia ko, kibichi kinatoa mlio wa kufa.

Mtungi tumeuhamishia jikoni. Ule wa Mei bado unapika.